Kioo Kilichopona Kila Mlango Ulipofunguliwa

Wiki iliyopita, tukiwa njiani, binti yangu aliniuliza kwa nini kioo cha upande wake hakishuki chote kama vile vya mbele. Nilimjibu kwamba mlango wa nyuma umemegwa kwa chini ili kupisha gurudumu, kwa hiyo ndani yake hakuna nafasi ya kumeza kioo kizima, na ndiyo maana magari mengi huwekewa kile kipande kidogo cha kioo kisichosogea, ili hiki kingine kipate kushuka zaidi. Yeye alitosheka akarudi kwenye mambo yake. Mimi nilibaki na mlango wa nyuma wa kushoto wa lile gari letu la zamani, ambalo waliowahi kulipanda hawahitaji kuelezwa lilivyokuwa.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa huu: kioo kilishuka kwa hiari yake kikagoma kupanda, na mvua zilikuwa zimeshaanza. Ukibonyeza swichi, kimya. Kimya hicho kilikuwa habari tosha, kwa sababu mota inapovuma na kioo kisisogee, mara nyingi kebo inayovuta kioo imekatika au klipu ya plastiki inayoshika kioo imevunjika. Lakini mota isipotoa hata mlio, dawa itafutwe kwenye umeme. Taa ya ndani nayo haikufifia hata kidogo nilipobonyeza, ishara kwamba mota haikuwa inavuta chochote. Fyuzi ilikuwa nzima. Kile kitufe cha kwenye mlango wa dereva kinachofungia vioo vya nyuma, ambacho kila mzazi hukibonyeza akakisahau, hakikuwa kimebonyezwa. Nilihamisha swichi ya mlango wa kulia nikaifunga kushoto, na hali ikabaki ileile.

Fundi wa kwanza alifungua mlango, akainama, akabonyeza, na kioo kikapanda bila kusita hadi juu. Alinitazama kwa huruma ile ambayo daktari humpa mgonjwa anayejiumiza kwa mawazo. Wa pili alisema mota imechoka, akaichomoa, akaiunganisha moja kwa moja na betri, nayo ikazunguka vizuri. Akageuza nyaya, ikazunguka upande wa pili vizuri vilevile, kama inavyotakiwa, kwa kuwa mota za vioo hubadili mwelekeo kwa kubadilishana tu chanya na hasi. Baada ya kuthibitisha hayo yote kwa mikono yake mwenyewe, bado alishikilia kwamba ninunue mota nyingine. Nilimshukuru nikaondoka, kioo kikiwa kimezibwa kwa nailoni na tepu.

Ndipo akaja shemeji, ambaye kazi yake ni kutengeneza redio na hajawahi kujiita fundi wa magari. Kufungua kava la mlango hakukuchukua muda: skrubu moja ilijificha chini ya kifuniko cha mshikio, klipu zikaachia kwa mlio wa kutisha, moja ikavunjika, na ile karatasi ya plastiki inayozuia maji ikabanduliwa taratibu ili iweze kurudishwa. Nilidhani angeanza kupima papo hapo, lakini alisimama akitazama tu.

“Shemeji,” akasema, “gari hili limepimwa na kila mtu mlango ukiwa wazi. Wewe huliendesha mlango ukiwa wazi?”

Tukaingia kiti cha nyuma, tukafunga milango yote. Joto lilikuwa kali, na kava lililotolewa tulilipakata kama mtoto. Alichomoa plagi ya mota, akaweka ncha za mita kwenye matundu mawili ya plagi ile, akaniambia nibonyeze. Mita ikaonyesha volti 12. Nikaanza kufurahi. Yeye hakufurahi, alitoa mfukoni balbu ya taa ya kuashiria kona, ambayo alikuwa ameshaiunganisha na vipande viwili vya waya, akaichomeka pale mita ilipokuwa. “Bonyeza tena.” Uzi wa balbu haukupata hata wekundu. Mita ilisema umeme upo, balbu ikasema haupo, na zote mbili zilikuwa zinasema kweli, kwa kuwa mita huridhika na umeme mchache sana unaopenya hata kwenye unyuzi mmoja ulioliwa na kutu, wakati balbu, na zaidi yake mota, inahitaji njia pana.

Kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo nikilifikiria natabasamu. Aliniambia nisiachie swichi, akavuta komeo, akausukuma mlango kwa kidole, polepole sana. Hakuna kitu. Mlango ukaendelea kufunguka, bawaba zikilalamika, na ulipofika karibu nusu, balbu ikawaka mikononi mwake, nyeupe, kali, hata tukafumba macho. Akaurudisha mlango kidogo, ikazimika. Akausukuma, ikawaka. Alirudia hivyo bila kusema neno, nami kidole changu kikiwa kimekufa ganzi juu ya swichi.

Kati ya mlango na nguzo ya bodi kuna mpira wenye mikunjo, na nyaya zote za mlango hupita humo. Kila mlango unapofunguliwa na kufungwa, nyaya hizo hukunjwa pahali palepale. Tuliuchomoa mpira upande mmoja, na nyaya zote zilionekana nzima, kila moja na rangi yake. Shemeji alizishika mojamoja kwa vidole viwili akazivuta kidogo. Zote zilikataa, isipokuwa mmoja uliokuwa mnene kuliko wenzake, ambao ganda lake lilirefuka kwa sababu ndani yake karibu hapakuwa na kitu cha kuzuia. Alipolichana, nyuzi karibu zote za shaba zilikuwa zimekatika na kugeuka kijani, ncha kwa ncha, zikigusana pale tu mlango ulipozisukuma zikutane.

Mengine yalikwenda haraka. Tulitoa terminali ya betri, tukaweka kipande kipya cha waya laini, kirefu kidogo kuliko cha zamani, na maungio tukayasogeza ndani ya mlango, mbali na panapokunjika. Kioo kikapanda mlango ukiwa umefungwa, kwa uvivu kidogo, kwa sababu mipira ya pembeni ilikuwa imekauka.

Shemeji alitaka tubadilishe nyaya zote za mpira ule, akisema zimezaliwa siku moja na zimekunjwa mara zilezile. Giza lilikuwa linaingia, na mimi nilikataa kugusa kisicholalamika. Miezi kadhaa baadaye kufuli ya umeme ya mlango uleule ikaanza kukataa siku nyingine na kukubali siku nyingine. Shemeji anadai alitabiri; mimi huona kwamba huenda ni kule kuzivutavuta nyaya kwa vidole ndiko kulikozichosha, na ubishi huo haujapata mwamuzi, kwa sababu gari liliuzwa kabla ya mtu yeyote kuufungua tena mpira ule. Mnunuzi nilimweleza kuhusu kufuli, nikamshauri pia kwamba akienda kwa fundi, aombe vipimo vyote vifanywe mlango ukiwa umefungwa. Alicheka, akadhani namtania.