Nilihesabu matusi, nikaliruka lile lenyewe

Naanza na tahadhari. Humu nataja nani alikufa vipi kwenye muvi ya Knives Out ya 2019, kwa hiyo kama hujaiangalia na unapanga kuiangalia ishia hapa hapa, mi sitaki lawama.

Ilikuwa likizo, mwaka 2022. Binti yangu alikuwa na miaka 14, mdogo wake wa kiume bado miezi miwili afikishe 12, na huyo binti alinisumbua wiki nzima, mama tuangalie Knives Out, darasani wote wameshaiona mimi tu ndo sijaiona (kila siku yeye tu ndo hajafanya kitu ambacho darasa zima wameshafanya). Jumamosi rafiki yake alikuwa anakuja kulala kwetu, wakapanga hiyo ndo iwe muvi ya usiku. Mi nilichokuwa najua ni kwamba kuna mzee tajiri, mwandishi wa vitabu vya mauaji, anakutwa amekufa baada ya sherehe ya kutimiza miaka 85, na nyumba imejaa ndugu wanaozimezea mate mali zake. Nikawaambia subirini, naiangalia kwanza mwenyewe ndo ntasema.

Nikaanza na madaraja ya umri, yale yanayosema muvi inamfaa mtoto wa miaka mingapi. Marekani waliipa PG-13, Uingereza 12A. PG-13 watu wengi wanaichukulia kama katazo wakati ni onyo tu kwa mzazi, kwamba humu kuna vitu huenda havimfai aliye chini ya miaka 13, ilianza 1984 baada ya wazazi kule kulalamika kuna muvi zinatisha watoto na bado zimepewa PG ya kawaida. Na 12A maana yake aliye chini ya miaka 12 anaingia sinema akiwa na mtu mzima. Yaani dogo wangu alikuwa kwenye mstari kabisa. Halafu kule Marekani wanaandika na sababu: maudhui, ukatili wa muda mfupi, lugha kali, maneno ya mambo ya kitandani, dawa. Hilo neno maudhui limekaa pale mbele kama gunia lililofungwa mdomo, na mi nikalipita nikakimbilia matusi.

Usiku watoto wamelala nikavaa hedfoni, nikachukua daftari la dogo lililobaki kurasa chache, nikaiangalia yote, masaa mawili na dakika kumi. Nilikuwa nachora mstari kila tusi kama mtu anayehesabu kura. Bado ninalo lile karatasi. Limeandikwa: matusi, yapo, wanayajua tayari. Mapenzi, maneno tu. Damu, kidogo. Kutapika, NDIYO (yule nesi wa mzee akisema uongo anatapika, nikajua dogo atafurahi sana). Na chini kabisa, kwa mwandiko wa mtu mwenye usingizi: kifo cha mzee, hakichukui muda, sawa.

Sawa! Kifo chenyewe ni hivi: nesi anaamini amechanganya dawa na amemuua mzee kwa bahati mbaya, mama yake hana makaratasi ya kuishi nchini, polisi wakija familia nzima imekwisha, basi mzee anampangia jinsi ya kujinasua halafu anajiua pale pale mbele yake. Mimi nililiona hilo kwa macho yangu mawili nikaandika hakichukui muda. Na yule rafiki wa binti yangu, kaka yake alikuwa amejiua mwaka mmoja nyuma. Nilikwenda msibani. Nilikaa na mama yake mkekani.

Ukiniuliza nilisahau vipi sina jibu, nadhani kichwani nilikuwa nawapima watoto wangu wawili tu, huyu wa tatu nilimhesabia godoro na shuka.

Jumamosi basi wakajipanga, wasichana kwenye kochi, dogo chini. Mwanzo wanacheka, nesi alipotapika mara ya kwanza dogo alijigaragaza. Mi niko nyuma yao nakunja nguo. Ikafika pale mzee na nesi wamebaki wawili chumbani juu wanacheza, chupa za dawa zinaanguka, na mikononi nina shati nimelikunja nusu, ndo likanijia, lote kwa mpigo. Nikavuka kochi nikachukua rimoti nikasimamisha.

"Mtandao umeleta shida," nikasema.

"Mama, umebonyeza wewe," dogo akajibu. Ningekuwa yule nesi ningeshatapika.

Binti yangu akaniangalia, akamwangalia mwenzake, na usoni nikaona naye ndo anagutuka. Yule msichana akakaa kimya kidogo, akaniuliza taratibu, "Anti, anajiua?"

Nikasema ndiyo. Akauliza kwa nini. Nikamwambia anamlinda nesi, asifungwe. Akafikiria.

"Mi ntatoka nje. Ikipita mniite."

Nilikuwa tayari kuzima kila kitu na kuomba radhi mpaka asubuhi, akakataa, anataka kujua muuaji ni nani. Basi nikamwachia binti rimoti nikamfuata barazani. Tulikaa kwenye ngazi. Nikamwambia nisamehe mwanangu, nilipaswa kukuuliza wewe kabla. Akasema kila mtu anaogopa kumuuliza. Halafu akaanza kunisimulia kaka yake, si habari za kifo, alinisimulia jinsi alivyokuwa haangaliki naye muvi za mauaji, dakika ya kumi tu ameshanyoosha kidole ni huyu, na mara nyingi amepatia, mama yao alishawahi kumtoa sebuleni kwa sababu hiyo. Alikuwa anacheka huku anajifuta macho kwa mkono wa sweta. Mi nilisikiliza tu, nashukuru Mungu siku hiyo mdomo wangu ulikaa kimya.

Ndani dogo akapiga kelele, "Tayari! Njooni!"

Tukaingia, dogo akamweleza alichokosa kwa maneno manne, mzee kafa, kajifanyia mwenyewe, dada yake akampiga teke. Muvi ikaendelea mpaka familia inakusanyika kusomewa wosia, akaingia yule mjukuu mwenye dharau, kavaa sweta jeupe zito, hajakaa hata vizuri. Yule msichana akajiinua kwenye kochi, akanyoosha kidole.

"Ni huyo."

"Sasa unaharibu!" dogo akalalamika. "Ndo kwanza ameingia!"