Yasiyoandikwa Kwenye P9

Kila ifikapo wiki ya mwisho ya Juni, Wakenya wengi walioajiriwa huketi mbele ya iTax, mfumo wa mtandaoni wa Mamlaka ya Ushuru (KRA), wakiwa na haja moja tu: kuwasilisha ritani, yaani taarifa ya mapato na ushuru wa mwaka uliopita, kabla ya tarehe 30 kupita, ili wasitozwe faini ambayo kwa mtu binafsi haipungui shilingi 2,000. Kwa miaka kadhaa nilikuwa miongoni mwao. Nilipokea P9, fomu ya mwajiri inayoonyesha mshahara na ushuru wa mwaka, nikahakikisha kwamba mshahara na PAYE, yaani ushuru unaokatwa kwenye mshahara kila mwezi, vinalingana na takwimu ambazo mwajiri alikuwa amekwisha kuziwasilisha, nikaona salio ni sufuri, nikawasilisha. Niliamini kwamba sufuri ile ilimaanisha ushuru wangu umehesabiwa sawasawa, kumbe ilimaanisha tu kwamba hesabu ya mwajiri na hesabu ya iTax zimetokana na taarifa zilezile.

Mnamo Juni 2024, nilipokuwa nikijaza ritani ya mwaka 2023, nilisimama kwenye sehemu ya bima ambayo siku zote nilikuwa nikiiruka. Tangu Januari 2020 nimekuwa nikilipia bima ya elimu ya binti yangu, shilingi 6,000 kila mwezi, na fedha hizo hutoka moja kwa moja kwenye akaunti yangu ya benki bila kupitia ofisini. Sheria humpa mlipaji afueni ya asilimia 15 ya malipo ya bima ya maisha, ya afya au ya elimu, mradi afueni hiyo isizidi shilingi 5,000 kwa mwezi, na mradi bima ya elimu iwe ya muda usiopungua miaka 10. Yangu ni ya miaka 15. Kwa hiyo kila mwaka nilistahili kupunguziwa ushuru wa shilingi 10,800, na kwa miaka minne sikupunguziwa hata senti, kwa sababu mwajiri hakuwa na habari ya bima hiyo nami sikuwahi kumpelekea cheti chake.

Niliomba kampuni ya bima vyeti vya malipo vya kila mwaka, nikajaza nambari ya bima, tarehe ya kuanza na ya kukomaa, kiasi cha fidia na jumla ya malipo ya mwaka. Baada ya hapo nikarudi kwenye ritani za 2020, 2021 na 2022 nikazirekebisha. Jambo hili watu wengi hawalijui, nami nalisisitiza: ritani uliyokwisha kuiwasilisha si hukumu ya mwisho, kwani mlipaji anaweza kuirekebisha na kudai ushuru aliolipa zaidi ndani ya miaka 5. Hesabu yangu yote ilifika shilingi 43,200.

Dada yangu alikuwa amepoteza zaidi, na kisa chake kinaonyesha kwa nini ni lazima kutofautisha afueni na makato. Afueni huondolewa kwenye ushuru wenyewe baada ya kuhesabiwa. Makato huondolewa kwenye mapato kabla ushuru haujahesabiwa, na thamani yake hutegemea kiwango cha ushuru cha mhusika. Yeye ana mkopo wa benki wa nyumba anayoishi, na katika mwaka mmoja alilipa riba ya shilingi 240,000. Riba hiyo ni makato halali, ingawa marejesho ya mkopo wenyewe hayahesabiwi, na nyumba inayoruhusiwa ni moja tu ambayo mwenyewe anaishi ndani yake. Kwa kuwa sehemu hiyo ya mapato yake hutozwa asilimia 30, alikuwa amelipa shilingi 72,000 ambazo hakupaswa kulipa. Tangu tarehe 27 Desemba 2024 kikomo cha riba hiyo kimepanda kutoka shilingi 300,000 hadi 360,000 kwa mwaka, na kikomo cha michango ya pensheni kimepanda kutoka 20,000 hadi 30,000 kwa mwezi. Mchango wa NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, huhesabiwa ndani ya kikomo hicho, lakini kwa wafanyakazi wengi huacha nafasi kubwa, na anayejiwekea akiba katika mpango binafsi wa pensheni ndiye anayesahau mara nyingi kuitumia nafasi hiyo.

Linaloniuma kuliko yote ni la binamu yangu, mwalimu asiyesikia, anayepata shilingi 60,000 kwa mwezi. Mtu mwenye ulemavu aliyesajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu na kupewa cheti cha msamaha na KRA hatozwi ushuru kwenye shilingi 150,000 za kwanza za mapato yake ya mwezi, maana yake mshahara wote wa binamu yangu haukupaswa kutozwa PAYE. Yeye alikuwa na kadi ya Baraza kwa muda mrefu na akadhani inatosha. Cheti cha KRA huombwa peke yake, kina muda wa kuisha, na kisipohuishwa PAYE huanza kukatwa tena.

Sheria ya Fedha ya 2025 imewataka waajiri, kuanzia tarehe 1 Julai mwaka huo, watumie afueni, makato na misamaha yote wanapohesabu PAYE. Naikaribisha kwa moyo wote, ila mwajiri hawezi kutumia cheti ambacho hajakiona. Mimi nilimkabidhi afisa wa mishahara nakala ya cheti changu cha bima mnamo Julai 2024, naye akatia saini ya kukipokea. Hati ya mshahara wa Agosti ilikuwa na mstari ambao haukuwahi kuwapo: afueni ya bima, shilingi 900.