Nilivyoivunja 8,616,460,799 kwa kalamu tu

Rafiki yangu mmoja anayejiona bingwa wa hesabu aliniambia, "Gawanya kwa namba tasa moja moja, njia nyingine hakuna. Ukichoka, iachie kompyuta." Ushauri huo ulinilia jioni tatu nzima.

Namba yenyewe ni 8,616,460,799. Mwingereza William Stanley Jevons, mtu wa uchumi na mantiki, aliitoa katika kitabu chake cha 1874. Akauliza ni namba zipi mbili zikizidishwa huizaa, na akatamba kwamba huenda asitokee mtu wa kuzijua ila yeye. Mimi nikitambiwa hivyo, hata na marehemu, silali.

Basi nikaanza: 3, 7, 11, 13... Nilipofika 127 ikaingia bila baki! Nilisimama, nikazunguka meza, nikamcheka Jevons kwa sauti. Kumbe nilikosea hesabu njiani. Nikarudi kwenye kiti kimya kimya, nikaendelea mpaka karibu na 500, ndipo nikakumbuka kuuliza safari ina urefu gani. Kigawo kidogo hakiwezi kuzidi kipeuo cha pili; cha namba ile ni kama 92,825, na chini ya hapo kuna namba tasa zaidi ya elfu nane. Nilikuwa nimemaliza tisini na kitu. Swali hilo liulize kabla hujanunua daftari.

Nikahamia njia ya Fermat, mwanahisabati Mfaransa wa karne ya 17. Namba witiri ikiwa ni zao la namba mbili, huandikika kama x² − y²: x ni wastani wa hizo mbili, y ni nusu ya tofauti yao. Unaanza na x juu kidogo ya kipeuo, unatoa namba yako kwenye mraba wake, unaangalia kama kilichobaki ni mraba kamili. Vigawo vikiachana mbali utazeeka hapo. Nilibahatisha kwamba havikuachana.

Utamu uko kwenye mabaki. Mraba wowote ukigawanywa kwa 3 hubakiza 0 au 1. Namba yetu hubakiza 2, na 2 haipatikani ila kwa 0 kutoa 1 (ni −1, ukiongeza 3 ni 2). Kwa hiyo x lazima igawanyike kwa 3! Nikafanya vivyo hivyo kwa 8: x lazima igawanyike kwa 4. Yaani ni vigawe vya 12 tu. Nikapima na 5 pia, na x yenye kubakiza 1 au 4 ikafa.

Zikabaki chache. 92,832: hakuna kitu. 92,868 ikaniachia 8,004,625, inaishia 625 kama mraba halali, nikaanza kusimama tena. Si mraba. Halafu 92,880: kilichobaki ni 10,233,601, yaani 3,199 mara 3,199.

Toa, jumlisha: 89,681 na 96,079. Majaribio matatu!

Nilizizidisha mara nne, kwa sababu ya ile 127, kisha nikamtumia bingwa wangu namba mbili bila salamu. Akajibu, "Umetumia programu gani?"