Roketi ya chupa, safari hii kubwa

Jamani leo Raskazone nimerusha ile roketi ya chupa tuliyokuwa tunacheza utotoni, ila hii ni ya chupa ya soda ya lita 2 badala ya kale kachupa ka nusu lita, na nawaambia ni kitu kingine kabisa!! Chupa ya pili nimeikata kitako nikaivika juu iwe pua, ndani nimegandisha udongo wa mfinyanzi maana isipokuwa nzito mbele inageukageuka hewani, mabawa matatu ya plastiki ya ndoo nimebandika chini kabisa.

Msitumie chupa za maji ya kunywa, zile laini hazihimili presha, za soda zimetengenezwa kubana gesi. Maji theluthi tu, nafasi iliyobaki ni ya upepo. Kizibo nimechonga kwenye soli ya ndala, nikapitisha sindano ya kujazia mpira, pampu ya baiskeli ikamaliza kazi (Tanga hii pampu utakosa wapi). Kizibo kikachomoka, maji yakasukumwa chini, chupa ikaenda juuu! Watoto wamelowa chapachapa, wanapiga kelele mjomba tena, mjomba tena.

Sasa natafuta mwavuli mbovu, kitambaa chake nishone parachuti. Mwenye nao anishtue.