Siku Moja Maishani Mwangu: Mchambua Mawe wa Geita

Saa kumi na moja alfajiri nimeshaamka. Uji wa watoto, maji ya kuoga, kitenge kiunoni, safari. Kwenye ndoo nimeweka nyundo, kioo kidogo cha kukuzia, sumaku iliyong'olewa kwenye spika mbovu na chupa ya maji. Njiani akina mama tunapishana gizani, "Mwangaluka mayu," salamu ya asubuhi ya Kisukuma, na kila mmoja anashika njia ya duara lake, yaani shimo la kuchimbia.

Saa moja kasoro. Vijana wa zamu ya usiku wametoka chini, wamekaa kimya na matope hadi kwenye kope. Mawe waliyovuta kwa kamba usiku kucha yamemwagwa pembeni mwa duara. "Dada, leo tumegusa jiwe jeupe," ananiambia mmoja. Namjibu, "Pole na kazi, mdogo wangu, ngoja tulione kwenye mwanga." Machimbo mengi ya huku wanawake hawashuki chini. Sisi jiwe tunalipokea juu, na kazi yangu ni kulichambua: lenye mali kushoto, la kutupa kulia, na lile la mashaka linabaki miguuni mwangu mpaka nilivunje.

Watu wakisikia mgodi wa dhahabu huwaza dhahabu. Mimi siku nzima nashika mawe yasiyo na dhahabu. Chukua tani moja ya mwamba wenye gramu 5 za dhahabu. Gramu 999,995 zinazobaki ni jiwe tupu, na jiwe hilo tupu limelipuliwa, limebebwa, limevutwa juu, na nisipoliondoa hapa litalipiwa usafiri hadi kwenye karasha, mashine ya kuponda mawe, litakula dizeli, litakunywa maji, litapakwa zebaki ya kukamata dhahabu, halafu litamwagwa. Kwa hiyo kuchambua kwangu ni kazi kamili ya uchimbaji, ingawa kwenye mgao wa viroba vya mawe yenye mali mchambuaji anakumbukwa mwisho. Hilo linaniuma, na nalisema wazi kila mwenye duara anapopita.

Saa mbili hadi saa tano ndiyo saa zangu za macho. Jua likiwa bado la pembeni, jiwe linajieleza vizuri zaidi kuliko adhuhuri. La kwanza ni jiwe jeupe, ambalo wataalamu wa miamba huliita kwatzi. Dhahabu yetu hupenda kukaa humo au kando yake, lakini jeupe safi linalong'aa kama sukari mara nyingi halina kitu. Ninalotafuta ni jeupe lenye mistari ya kijivu, lenye kutu, lenye vishimo vidogo ambamo kulikuwa na madini ya chuma yakaoza yakaacha uwazi. La pili ni jiwe la kijani kibichi linalozunguka mkanda wa jeupe. Hilo ni ukuta tu, linakwenda kulia, isipokuwa pale linapogusana na jeupe. La tatu ni jiwe la chuma lenye mistari myeusi na myekundu, ambalo milima ya Geita imejaa. Hapo natoa sumaku. Likivuta kwa nguvu, chuma chake bado kizima. Pale ambapo sumaku inalegea na jiwe limejaa punje za njano, naliweka kushoto, kwa sababu katika miamba ya huku dhahabu nyingi ilikuja na salfa iliyokula chuma kile na kukigeuza kuwa punje hizo.

Punje hizo za njano, pairaiti, ndizo zinazowachanganya wageni. Kijana mmoja aliyetoka shule majuzi alikuja asubuhi hii akikimbia na jiwe linalometameta kiganjani. Sikumkatisha tamaa, nilimwonyesha. Weka punje juu ya chuma, gonga kidogo. Pairaiti inavunjika na kuwa unga mweusi. Dhahabu haivunjiki, inalala bapa. Alijaribu, ikawa unga. "Basi natupa, shangazi?" Nikamwambia asitupe. Pairaiti yenyewe si dhahabu, lakini ndani yake huweza kujificha dhahabu ndogo isiyoonekana hata kwa kioo.

Halafu liko jiwe moja la rangi ya fedha iliyofifia. Ukiligonga nyundo linatoa harufu ya kitunguu saumu. Hiyo ni aseniki, sumu. Halipatikani kila siku, leo nimekutana nalo vipande vichache, nikaviweka peke yake kwenye kiroba kilichochanika na kunawa mikono kabla ya kunywa chai. Mama aliyenifundisha kazi hii alikuwa mkali kwa jambo hilo kuliko yote: jiwe lenye harufu hiyo halichomwi, na halisagwi karibu na chungu cha mtu.

Saa tano, chai na chapati kwa mama ntilie. Mazungumzo yamerudi kwenye magwangala, yaani mawe yanayotupwa na mgodi mkubwa, kama kawaida ya watu wa Geita. Mgodi mkubwa hujiwekea kiwango: mwamba wenye dhahabu pungufu ya hapo haulipi gharama za mitambo, unapelekwa kwenye milima ya mawe ya kutupa. Mwaka 2016 Rais John Magufuli, akiwa huku, aliagiza vijana wapewe magwangala hayo, na watu walishangilia sana. Mzee mmoja mezani alisema kila lori lililobeba magwangala lilibeba matumaini zaidi ya dhahabu. Nakubaliana naye nusu. Jiwe lililo chini ya kiwango cha kampuni si lazima liwe tupu, na mkono unaochambua unaweza kupata chakula pale ambapo mtambo unapata hasara. Ila ukilisaga lote bila kuchagua, utamaliza mtaji kwa kusaga mlima.

Saa saba napima sampuli. Nachukua vipande kutoka kwenye lundo la mashaka, nasaga kwenye kinu cha chuma, natia kwenye karai na maji, nazungusha. Kwatzi ina uzito wa mara 2.65 ya maji, pairaiti kama mara 5, dhahabu mara 19.3, kwa hiyo maji yenyewe yanapanga foleni: nyeupe inaondoka kwanza, nyeusi na njano zinafuata, na dhahabu, kama ipo, inabaki mkiani. Leo imebaki alama nyembamba kama uzi. Nusu ya lundo la mashaka inakwenda kushoto.

Saa nane, karasha. Hapa ndipo pananipa hasira. Mawe yanapondwa makavu kwanza, na vumbi linapanda hadi huoni mtu aliye mbele yako. Vumbi hilo karibu lote ni lile jiwe tupu. Dhahabu haipeperuki, kinachopeperuka ni kwatzi, na kwatzi ikiingia kifuani inakwaruza mapafu mpaka yanapata kovu. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna dawa ya kuuondoa, na unamfungulia mtu mlango wa kifua kikuu. Kitambaa tunachojifunga hakizuii chembe ndogo. Kinachosaidia ni maji: kulowesha mawe kabla ya kuyaponda, na kumwagia tena kila vumbi linapoanza. Kijana wa karasha anasema maji yanamchelewesha. Nimemwambia, "Mwanangu, nimebeba ndoo mwenyewe, nitamwaga mwenyewe." Nimemwaga, na wamama waponda mawe wawili wakaniunga mkono. Amekubali mradi kazi isisimame.

Saa kumi, mwaloni, mahali pa kuoshea unga wa mawe. Unga unapita juu ya mkeka na maji, mazito yanakamatwa, mepesi yanashuka bwawani. Kisha zebaki. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, na tunajua inatakiwa ipungue hadi iishe, lakini kwa mchimbaji mdogo bado ndiyo iliyo karibu na mkono. Ninachosimamia mimi ni kwamba itumike kwenye mazito yaliyokusanywa tu, kamwe si kwenye unga wote, na ichomwe kwenye chombo kilichofungwa kinachorudisha mvuke wake. Kwenye kituo cha mfano cha STAMICO, Shirika la Madini la Taifa, kule Lwamgasa wachimbaji wadogo huonyeshwa njia ya kuchenjua bila zebaki. Natamani kila mwalo uwe na mtu aliyekwenda kuona.

Unga uliooshwa unaitwa marudio, na kwa desturi ya huku unabaki kwa mwenye karasha. Zebaki haikamati dhahabu yote, kwa hiyo marudio yana mali, na mwenye nayo baadaye atayapeleka kwenye plenti ya sianidi, kemikali ya sumu inayoyeyusha dhahabu. Shida ni pale marudio yanapokwenda na zebaki yake. Sianidi ikikutana na zebaki huiyeyusha, na iliyoyeyuka inasafiri na maji kirahisi. Kikundi chetu cha akina mama kimeomba mgao wa marudio uandikwe, na zebaki ikusanywe kabla hayajaondoka. Leo tumejibiwa tusubiri kikao.

Saa kumi na moja na nusu nimerudi kwenye duara. Mwenye duara amenipa viroba vyangu, nimeridhika navyo. Kabla sijafunga ndoo amekuja fundi anayejenga karibu na barabara, anataka mawe ya msingi, na lundo la kulia ni rahisi kuliko kokoto za dukani. Anaelekeza kidole popote. Nimemwambia, "Kaka, chukua jeupe safi na la kijani, utajenga bila wasiwasi. Haya yenye punje za njano hapana: yakipigwa na mvua yanatoa maji makali na kutu, na kisima cha jirani yako kiko chini yako. Na kile kiroba kilichochanika usikiguse kabisa." Ameuliza kama hayo ya njano siwezi kumpunguzia bei. Nimekataa, tukakubaliana bei ya mengine, na vijana wameanza kupakia nikiwa nimesimama pale, nikirudisha chini kila la njano linalotaka kupanda gari.