Siku Moja Maishani Mwangu: Kazi ya Kuwalinda Vijana Wasiuzwe

Saa 12 asubuhi. Simu ya kwanza inatoka nyumba salama, tunakowahifadhi waliookolewa. Usiku polisi wamemleta binti wa miaka 16, aliyekuwa akitumikishwa ndani ya nyumba ya watu bila mshahara. Nawaomba walezi wampe chakula, maji ya kuoga na mahali pa kulala. Maswali yasubiri.

Saa 3. Niko shuleni. Wanafunzi wengi wanadhani msafirishaji haramu wa watu ni mtu asiyejulikana anayeteka watoto njiani. Nawaambia kwamba mara nyingi ni jamaa, jirani, au mpenzi waliyekutana naye kwenye simu. Tunalichambua tangazo la kazi ya nje: mshahara mnono, uzoefu hauhitajiki, tiketi inalipwa na wakala. Tiketi hiyo ndiyo baadaye hugeuzwa deni lisiloisha. Vijana wanaojua kompyuta wameahidiwa kazi za ofisini Asia ya Kusini-Mashariki, wakajikuta Myanmar au Kambodia ndani ya majengo yenye walinzi, wakilazimishwa kutapeli watu mtandaoni. Nawasihi: kabla ya kusafiri, acha nakala ya pasi na mkataba kwa mtu unayemwamini, na mpatane neno la siri la kuomba msaada.

Saa 6. Kikao kifupi na madereva wa mabasi na wahudumu wa nyumba za wageni. Mtoto asiyejua anakopelekwa, mtu mzima anayemjibia kila swali: hizo ni dalili. Wasipambane naye. Waandike namba ya gari, wapige simu polisi.

Saa 8. Nakaa na yule binti. Ananyamaza muda mrefu, nami sina haraka. Kisha anasema, “Nilienda mwenyewe, hakunilazimisha mtu.” Wengi husema hivyo, na wengi hujilaumu kwa sababu hiyo. Namweleza kwamba kosa si lake. Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000, mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya usafirishaji haramu wa watu, iko wazi: aliye chini ya miaka 18 akichukuliwa au kupokelewa ili wengine wamtumie kwa faida yao, huo ni usafirishaji haramu hata kama hakudanganywa wala kutishwa. Ridhaa yake haihesabiki. Anauliza kama shangazi yake, aliyemtoa kwenda kutumikishwa, atafungwa. Simdanganyi, namwambia hilo litaamuliwa na mahakama. Maelezo yake atayachukua ofisa mmoja aliyefunzwa, maana kumrudisha mtoto kwenye simulizi ileile mbele ya kila mgeni ni kumuumiza upya.

Saa 11. Ndugu wanapiga simu wakitaka yaishe kifamilia, shangazi alipe kidogo, mtoto arudi. Nakataa. Ninaijua aibu yao, na umaskini wao ni wa kweli, lakini shangazi aliyemtoa bado anaishi katika nyumba ileile wanayotaka arudi. Hatarudi kabla hatujaichunguza familia na kuona nani atamlea.

Saa 1 jioni. Nafunga jalada lake. Juu nimeandika namba badala ya jina. Kesho kuna muuguzi, kisha wakili. Ameomba kurudi shule, kwa hiyo mwalimu mkuu nitampigia kabla ya wote.