Saa 16 na utitiri: siku moja ya mpulizia mabanda ya kuku

Saa 10 usiku. Kazi ya kupulizia mabanda huanza gizani, bomba likiwa bado limefungwa kwenye pikipiki. Utitiri mwekundu haukai mwilini mwa kuku kama chawa. Mchana umejibana kwenye nyufa, usiku unapanda, unanyonya damu nusu saa au saa nzima, unashuka. Ndiyo maana mfugaji anayekagua kuku wake saa 4 asubuhi huapa kwamba hawana kitu.

Banda la leo liko Kibaha: kuku wa mayai 200, kuta za mabanzi, bati juu, maranda chini. Kipimo ni tochi na karatasi nyeupe ya chooni. Unaipitisha chini ya fito wanazolalia, hasa pale fito inapokaa juu ya ubao unaoibeba. Ikitoka na michirizi myekundu, hiyo ni damu ya kuku iliyokuwa tumboni mwa utitiri. Hapa imetoka nyekundu hadi kwenye vidole vya glavu.

Dalili nyingine zilikuwepo siku nyingi: upanga wa kichwani mwa kuku umepauka, mayai yana vidoa vya damu, na jioni kuku wanagoma kuingia, wanataka kulala juu ya mwembe. Mama mwenye banda alidhani ni ukaidi.

Saa 11 inakuja kazi ngumu ya kutofanya kitu. Kuku gizani hakimbii, unamchuma kwenye fito kama embe, na kila mwenye banda husema, "Tuwatoe sasa hivi, fundi." Hapana. Saa hiyo utitiri uko juu yao unakula, kwa hiyo utaubeba ndani ya matenga hadi kwenye uzio wa muda, na jioni utaurudisha ulikotoka. Tunasubiri kupambazuke ushuke. Gharama yake ni kukimbiza kuku 200 jua likiwa limetoka, na gharama hiyo huilipa magoti.

Saa 2 hadi saa 3: vyombo vya maji na chakula nje, maranda yote kwenye viroba, viroba vinafungwa midomo na kupelekwa kuchomwa mbali. Ukiyamwaga nyuma ya banda, umeuhamisha mtaa tu.

Kisha nikatoa nyundo, na hapo ndipo asubuhi ilipokwama.

"Fundi, nimekuita upulizie. Sikukuita unibomolee banda."

"Mama, dawa haifiki utitiri ulipojificha."

"Mbona mwenzako alipulizia bila kung'oa hata msumari?"

Huyo mwenzangu alikuja mara tatu ndani ya miezi miwili, kwa dawa ileile, fito zikiwa zimepigiliwa palepale. Mazungumzo haya ninayafanya karibu kila banda, na hayachukui dakika 5. Leo yamechukua karibu saa nzima, kwa sababu alikuja mume, akaja jirani, na jirani akaja na chupa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe. Inaua kupe, kwa nini isiue utitiri?

Huenda ikaua. Lakini kuku hawa wanataga, na mayai yanaliwa kesho. Mwaka 2017 Uholanzi na Ubelgiji ziliondoa mamilioni ya mayai sokoni kwa sababu mabanda yalitibiwa utitiri kwa dawa iliyochanganywa na fipronil, sumu ya wadudu ambayo huko hairuhusiwi kwa wanyama wa chakula. Wafugaji wengi walidhani wamepata dawa bora tu. Kwa hiyo lebo ndiyo bosi: kama haikutaja kuku wa mayai, na haikusema mayai yasiliwe kwa siku ngapi, chupa inarudi kwa ng'ombe.

Maneno hayakutosha, nikang'oa msumari mmoja. Fito ikainuka, na pale chini, eneo la kiganja cha mtoto, palikuwa na kitu kama majivu yaliyochanganywa na chumvi. Chumvi ni mayai na magamba yaliyovuliwa. Majivu yakaanza kutembea. Wale walioshiba wekundu, wenye njaa wa kijivu, kila mmoja wa milimita moja hivi au pungufu. Mama akarudi nyuma hatua mbili, akajikuna mkono.

"Ng'oa. Ng'oa zote."

Kuanzia hapo saa hazina maana sana, kuna jua tu. Fito zote nje, masanduku ya kutagia yanafunguliwa ubao kwa ubao. Mabanzi yana magome, na gome ni nyumba ya ghorofa kwa utitiri, kwa hiyo linabanduliwa kwa panga, linachomwa pamoja na maranda. Nyufa zinasuguliwa kwa brashi ya waya. Halafu maji yanayochemka, birika baada ya birika, kwenye kila kiungo, maana joto la zaidi ya nyuzi 45 linaua utitiri. Moto wa gesi unaua haraka zaidi, lakini nimeshaona banda la mbao likishika moto kwa mchezo huo, basi nabaki na birika. Mwisho banda zima linaoshwa kwa maji ya sabuni na kuachwa likauke. Ukipulizia mbao zenye maji unaizimua dawa uliyoinunua kwa pesa.

Chakula cha mchana ni kile kilichopatikana, nakila nimesimama.

Dawa ni kipande kifupi kuliko watu wanavyofikiri. Lebo ikisema mililita 10 kwa lita 10 za maji, bomba la lita 16 linataka mililita 16, zipimwe kwa sirinji, siyo kwa kifuniko. Kupunguza ili chupa ifike mbali ndiko kunakofundisha utitiri kuzoea dawa, na kwa jamii ya dawa za wadudu ziitwazo pairethroidi usugu umeshaenea sana. Naanza darini, nashuka, narudi kinyumenyume hadi mlangoni. Pua ya bomba naikaza iwe mshipa mmoja kwenye nyufa, naifungua iwe mvuke kwenye kuta. Banda la mita 4 kwa 6 linamaliza bomba moja kwenye dari, kuta na sakafu. Fito na masanduku yanataka la pili, pande zote, ncha zikiwemo. Glavu, buti, barakoa na miwani kwenye joto la Pwani ni adhabu, lakini bila hivyo mvuke unaurudia uso.

Vitu vikikauka tunaunga upya. Mashimo ya misumari yanazibwa kwa gundi na vumbi la mbao. Fito hazigusi ukuta tena: zinakaa kwenye fremu yenye miguu minne, kila mguu ndani ya kopo lenye mafuta ya kimo cha sentimita 3. Utitiri hauruki, unatembea, na kopo ni mto usiovukika, mradi vumbi lisitande juu likawa daraja. Pembe za masanduku zinapakwa unga wa diatomaiti, mwamba laini uliosagwa, ule unaochimbwa Kariandusi karibu na Gilgil, Kenya. Unakwangua nta ya ngozi ya utitiri, nao unakauka. Ukilowa haufanyi kitu, na ukiuvuta pumzi unaumiza mapafu.

Jioni namwambia mama jambo asilolipenda: narudi siku ya 7, na tena siku ya 14. Dawa nyingi haziui mayai, na kwenye joto hili yai linakuwa utitiri unaotaga ndani ya wiki moja hivi. Ndiyo maana nalipwa mizunguko yote mitatu kwa mkupuo; nikilipwa mmoja mmoja, wa pili hauji kamwe. Akauliza kama angeliacha banda tupu wiki mbili ingetosha. Utitiri mkubwa unavumilia njaa wiki nyingi, na penye baridi miezi.

Saa 2 usiku. Vipande sita vya boksi la karatasi ngumu lenye mawimbi ndani vimefungwa chini ya fito kama mitego ya kukagua keshokutwa. Nguo zangu ziko ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, zitachemshwa kabla ya banda lolote lingine. Kuku wamepanda fito wenyewe, isipokuwa tisa waliokwenda moja kwa moja kwenye mwembe. Hao tumewashusha mmoja mmoja, kwa ngazi.